Simu Haina Daftari la Deni

Leo sikuja na mawaidha ya amani wala tangazo la skolashipu. Nimekuja na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya nyanya, ndagala na unga wa muhogo, na pikipiki inayovileta mpaka mlangoni.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye semina hapa Nakivale. Mkufunzi alinyanyua simu yake juu akasema, "Soko sasa liko mfukoni!" Watu wakapiga makofi. Akaendelea: "Yule mama wa sokoni ni mtu wa kati tu. Mtu wa kati akiondoka, bei inashuka na kila mtu anafaidi." Makofi tena.

Mimi sikupiga. Si kwamba nina akili kuliko wenzangu. Miezi michache nyuma ningepiga makofi kuliko wote, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa kati ya waliomtoa huyo "mtu wa kati" njiani. Kwa hiyo ninaloandika hapa siyo la kusikia. Nililifanya, na likanirudia nyumbani kwetu.

Ngoja nieleze. Kulikuwa na mradi wa majaribio wa miezi sita. Tulikuwa vijana tisa wa kujitolea. Kazi yetu ilikuwa rahisi: asubuhi tunaweka picha za bidhaa na bei kwenye WhatsApp, watu wanaagiza, wanalipa kwa pesa ya simu, jioni tunapeleka kwa bodaboda. Bidhaa hatukununua sokoni kwetu. Gari la mradi lilikwenda Mbarara mara mbili kwa wiki, na mafuta ya gari yalilipwa na mradi. Ndiyo maana nyanya zetu zilikuwa rahisi kuliko za sokoni. Hatukuwa wafanyabiashara hodari, mafuta yalikuwa ya bure tu.

Na watu walifurahi, nisidanganye. Kuna mzee anayetembea kwa kiti cha magurudumu juu ya kilima, ambaye zamani alikuwa anamtuma mtoto wa jirani na mtoto anarudi na nusu ya chenji. Kuna dada aliyejifungua kwa upasuaji, mume wake yuko Kampala anatafuta kazi. Kuna wagonjwa, na kuna watu wanaokaa mbali kabisa na soko. Hao wote tuliwafikia. Sisi nasi kila safari tulipata chochote, na kijana aliyekaa bila kazi tangu amalize sekondari anajua shilingi 3,000 ya jasho lake ina ladha gani. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba naichukia simu. Simu ni nzuri. Swali langu ni moja: hiyo pikipiki inapita wapi kabla ya kufika mlangoni?

Sasa twende sokoni.

Kuna mama mmoja anauza sombe, lenga-lenga, nyanya, ndagala na unga wa muhogo. Ametoka Kivu kama sisi. Meza yake ni mbao nne na turubai lililochanika. Chini ya meza kuna daftari la shule la kurasa 96, na hilo ndilo benki ya watu wa mtaa wetu. Siku moja aliniita nimsaidie kujumlisha kwa sababu macho yake yamechoka. Nilikuta majina thelathini na kitu. Mbele ya kila jina kuna alama: unga kilo moja, ndagala vikombe viwili, mafuta ya mawese nusu chupa. Jina la mama yangu lilikuwepo, mara nne.

Nikamwuliza, "Mama, unaishije na madeni haya yote?" Akanieleza hesabu yake, na naomba muifuate polepole, maana semina zote nilizohudhuria hazikunifundisha hesabu kama hii.

Mzigo mmoja ananunua kwa shilingi 100,000. Akiuuza wote, unatoa 130,000. Katika hizo, 85,000 hivi ni pesa taslimu, na 45,000 zinaingia kwenye daftari. Wakati huohuo watu wa zamani wanakuja kulipa kidogo kidogo, tuseme 25,000. Kwa hiyo mkononi anashika 110,000. Laki moja inarudi kununua mzigo mpya. Elfu kumi inayobaki ndiyo sabuni, dawa na daftari za watoto. Ndiyo faida ya huyo "mtu wa kati" mnayetaka aondoke.

Nani analipa taslimu? Walimu, manesi, madereva na wafanyakazi wa mashirika, na familia zenye mtu Marekani au Canada anayetuma pesa. Nani anakopa? Sisi wengine. Mnaona jinsi inavyokwenda? Yule anayelipa leo ndiye anayembeba yule atakayelipa mwezi ujao. Hawajuani, hawasalimiani, lakini wanakula kwenye meza moja. Katikati yao kuna mama na daftari lake.

Halafu tukaja sisi na simu zetu kubwa.

Nani ana simu kubwa, MB, na pesa ya kulipa kabla hajaona mzigo? Ni walewale wa taslimu! Hatukuchukua wateja wa deni hata mmoja, kwa sababu mradi ulisema wazi: hakuna kukopesha. Tuliwachukua wanaolipa, mmoja mmoja, tukamwachia mama wanaokopa. Ndani ya miezi miwili taslimu yake ikashuka kutoka 85,000 mpaka 50,000 hivi. Lenga-lenga zikaanza kunyauka mezani. Mzigo wa laki moja ukawa wa sitini.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka oda saba. Narudi nyumbani jioni, nakuta mama yangu amekaa mlangoni na sahani tupu. Alikuwa amekwenda kukopa unga akarudi bila kitu. Nikatoka kwa hasira mpaka sokoni. Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Papa, siyo roho mbaya. Wanaonilipa hawaji tena. Nitakopesha na nini?"

Nilinyamaza. Hao wasiokuja tena nilikuwa nimetoka kuwagongea milango saa hiyohiyo, na mfuko wa nyanya mkononi.

Usiku ule tulikula, jirani alitupa. Lakini toka siku hiyo, nikisikia mtu anasema "mtu wa kati aondoke", namwuliza: akiondoka, daftari utalishika wewe?

Najua majibu mtakayonipa. Nimeshayasikia, nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Siku hizi hata simu inakopesha." Kweli, kuna mikopo ya simu. Lakini ile mikopo inaangalia namba yako imepitisha pesa kiasi gani, halafu inadai ada na siku ya mwisho. Mama yangu ana simu ya tochi na namba isiyopitisha chochote. Angepewa nini? Yule mama wa sokoni anajua mambo ambayo mashine haiyajui: huyu ni mkweli, huyu mtoto wake anaumwa, huyu amechelewa kulipa lakini hajawahi kukimbia. Na ukilipa deni lote bado anakutupia nyanya moja juu, ile tunayoita matabishi. Simu ikikukopesha 10,000, matabishi unailipa wewe.

La pili: "Bei nafuu inamsaidia maskini." Bei nafuu inamsaidia mwenye pesa mkononi leo. Asiye na kitu, nyanya ya 1,000 na ya 800 kwake ni sawa, zote hawezi. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia "chukua, utaleta". Na kumbukeni tuko wakati gani. Mwaka 2023 WFP ilianza kutugawa kwa makundi hapa Uganda, wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine watolewe. Mwaka 2025 pesa zilipopungua, wakimbizi karibu milioni moja nchini wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Jamani, rasheni ikikatwa, kinachobaki kati ya mtu na njaa ni shamba kama analo, ndugu kama anaye, na deni la sokoni. Huu siyo wakati wa kuigusa meza ya mama kwa majaribio.

La tatu: "Ni maendeleo, kila mahali duniani wanaagiza kwa simu." Sawa, tuangalie maendeleo yenyewe, tusiangalie picha tu.

Machi 2020, korona ilipoingia na serikali ikasimamisha usafiri wa abiria, bodaboda hapa Uganda zilikatazwa kubeba watu lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo. Mei mwaka huohuo UNDP na Jumia wakawaingiza wauzaji wa masoko ya Kampala, yakiwemo Nakasero na Nakawa, kwenye programu ya simu. Mteja anaagiza akiwa nyumbani, muuzaji yuleyule wa sokoni anapima, boda anapeleka. Angalieni vizuri: muuzaji hakuondolewa. Aliongezewa mlango wa pili. Kwa hiyo inawezekana, na aliyefanya siyo malaika.

Lakini somo lina upande wa pili. Desemba 2023 Jumia ilitangaza kuifunga Jumia Food, huduma yake ya kuletea watu chakula, katika nchi zote saba ilizokuwemo, Uganda na Kenya zikiwemo. Tanzania, Jumia yenyewe iliondoka mwaka 2019. Kule Kenya, Copia, kampuni iliyowafikia watu wa vijijini kupitia wenye maduka waliokuwa mawakala wake, iliishiwa pesa na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Hizi zilikuwa kampuni kubwa, zenye mamilioni ya dola ya wawekezaji. Sisemi ni kampuni mbaya. Nasema zina mlango wa kutokea. Pesa ikiisha zinafunga, wakubwa wanatafuta kazi nyingine. Mradi wetu nao ulikuwa na tarehe ya mwisho kwenye karatasi. Sasa niambieni: kama mradi unakufa mwezi wa sita na meza ya mama imeshakufa mwezi wa nne, mwezi wa saba watu watanunua wapi? Watakopa kwa nani?

La nne linanigusa zaidi, kwa sababu linatoka kwa ndugu zetu walio nje. Wanasema: "Nikituma pesa zinatumika vibaya, bora niagize chakula huku, kimfikie mama mlangoni." Nawaelewa. Wanafanya kazi usiku, kila dola wanaijua. Lakini nilimpelekea bibi mmoja kapu la namna hiyo. Mchele, spageti, sukari, mafuta ya chupa. Bibi alishukuru, akaomba dua, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu, haiwezekani mrudishe hii spageti mnipe unga wa foufou na chumvi? Na 12,000 ya kulipa sokoni?" Haikuwezekana, oda ilikuwa imeshalipwa. Miaka yote ya rasheni ya magunia tulikuwa tunapewa mahindi aliyochagua mtu mwingine. Msaada ulipogeuka pesa, tulifurahi kwa sababu hatimaye mtu anakwenda sokoni na kuchagua mwenyewe. Leo mtoto wako akuchagulie tena kutoka ng'ambo ya bahari? Na lile deni la 12,000 kapu halikuligusa. Bibi alikuwa na spageti nyumbani na aibu sokoni.

Basi nimelalamika vya kutosha. Mtu akikosoa bila kusema afanye nini, huyo anapiga kelele tu. Haya ndiyo ninayodai.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika. Mradi wowote wa kuagiza chakula kwa simu ndani ya kambi ununue kwenye meza za sokoni letu. Usinunue Mbarara na kuja kushindana na mama kwa mafuta ya bure. Kama mna pesa ya mafuta, mpeni mama usafiri wa kuleta mzigo wake, bei itashuka bila kumuua mtu. Bei ya kwenye simu iwe ileile ya mezani, na anayetaka kuletewa alipe boda juu yake. Muwe na namba ya kupiga kawaida, mtu aongee kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, kwa sababu mwenye simu ya tochi ndiye mwenye shida zaidi. Kabla hamjaanza, kaeni na akina mama siku moja, muombe kuona daftari. Na jambo dogo la mwisho: ninyi wenyewe ndio wateja wa taslimu. Mkinunua nyanya za elfu tano sokoni, siyo nyanya tu mmenunua. Mmemkopesha mtu msiyemjua.

Kwenu ndugu zetu wa nje. Msiache kutuma, Mungu awabariki. Lakini kabla ya kuagiza kapu, ulizeni: "Mama, unadaiwa sokoni?" Tumeni pesa kwenye namba ya yule anayemdai, akiwa hewani na mama yako pembeni yake, jina lifutwe. Jina likifutwa, mama yako anaweza kukopa tena siku mtakapokuwa hamna kitu. Hiyo inazidi makapu matatu.

Kwetu sisi vijana. Tusiwe wepesi kupiga makofi kila tukiona simu. Wanne kati yetu tuliacha ule mradi kabla haujaisha. Siyo kwa kugombana, tuliaga vizuri. Sasa tunafanya kazi na akina mama kumi na mmoja. Asubuhi tunapita mezani kupiga picha, tunaziweka kwenye status, oda ikija mama mwenyewe anapima na pesa inaingia kwenye namba yake. Sisi tunabeba na mteja anatulipa safari. Hatujatajirika. Kuna siku tunapata oda mbili tu, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Mwenzetu mmoja amekata tamaa ameondoka. Wateja kadhaa wanalalamika kwamba bei yetu imezidi ile ya mradi, na ni kweli imezidi. Tunawaeleza kwa nini. Wengine wanaelewa, wengine wanakata simu.

Lakini mzee wa kiti cha magurudumu bado anapata nyanya zake. Na yule mama wa sombe amerudi kununua mzigo wa themanini. Bado siyo laki moja. Juzi nilimkuta ameinama chini ya meza, anaandika. Sikuuliza ni jina la nani.

Mkufunzi alisema soko sasa liko mfukoni. Namjibu hivi: mfuko wangu mimi ninaujua, una matundu. Soko liache lilipo, kwenye mbao zake nne, halafu nyinyi na simu zenu mje mpite hapo. Atakayeleta chakula mlangoni bila kupita kwa mama, mimi sitampigia makofi, hata kama nyanya zake ni za mia tano.

Anayeona nimekosea hesabu aje sokoni tukae tuhesabu pamoja.